Namba iko ukutani, simu iko kabatini

Siku ya wazazi nilikwenda kumwona mpwa wangu shuleni. Yuko kidato cha pili, bweni. Ilikuwa ile siku ya mahotpoti, wali umepoa njiani na kila mama ana kanga ya kutandika chini ya mwembe. Nikiwa ofisini nasubiri kusaini daftari la wageni, niliona vitu viwili vimekaa jirani. Juu ukutani kulikuwa na bango la Huduma ya Simu kwa Mtoto: 116, bure, saa 24. Chini ya bango kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli. Nikamuuliza mwalimu wa zamu mle ndani mna nini. Akacheka. "Simu za hawa watoto wenu, mzazi. Tukikamata moja inalala humo mpaka muhula uishe, na nyingine hazitoki kabisa."

Sikumjibu kitu. Ila tangu siku ile, kila nikisikia kwenye redio kwamba mtoto mwenye mzigo moyoni apige 116, nakumbuka lile kabati.

Sina ugomvi na namba yenyewe. Kwa Tanzania inaendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali, na anayepokea ni mtu aliyefundishwa kusikiliza watoto. Haidai salio. Wakenya wana 116 yao tangu 2006, chini ya Childline Kenya, na juu yake wana 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa yeyote anayehitaji msaada wa kisaikolojia, mkubwa kwa mdogo. Waganda wanaiita Sauti 116. Kwa hiyo mtoto wa Mbeya, wa Kisumu na wa Jinja wote wanaweza kukariri tarakimu tatu zilezile. Ni kazi nzuri, na walioifanya wanastahili kupongezwa.

Swali langu ni la chini zaidi: apige kwa kutumia nini? Mtoto wa bweni hana simu, na akiwa nayo ni kosa la nidhamu. Akitaka kupiga inabidi aende kwa matroni, aeleze anampigia nani na kwa nini. Hebu fikiria binti wa miaka 15 amesimama mlangoni kwa matroni saa tatu usiku anasema, "Naomba simu nipige 116." Ataulizwa, "Nani kakufanya nini?" Kabla hajajibu, nusu ya bweni itakuwa imeshajua. Aliyeko nyumbani naye anatumia simu ya mama, na mama akishika simu jioni anakuta 116 kwenye orodha ya waliopigiwa. "Hii ni namba ya nani?" Hapo ama mtoto anadanganya, ama inaanza kesi.

Siandiki haya kwa kukisia. Nilisoma bweni mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati huo hatukuwa na bango wala namba ya watoto. Kitanda cha pili kutoka changu alilala kijana mmoja mpole, mzuri wa hesabu, ambaye baada ya likizo ya Juni alirudi akiwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakugombana na mtu. Alianza tu kuacha chai, kisha akaacha kunyoa, kisha akawa anasema kichwa kinamuuma. Zahanati ya shule ilimpima malaria mara tatu. Haikuwepo. Akapewa Panadol na ED, yaani ruhusa ya kupumzika, ya siku moja.

Halafu siku moja akagawa ndoo yake.

Asiyepita bweni hawezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo. Ndoo bwenini ni mali. Unaiandika jina kwa rangi ya mafuta, unalala ikiwa chini ya kitanda chako, ukimwazima mtu unamsindikiza bombani. Kijana huyu alimpa mtoto wa kidato cha kwanza ndoo yake pamoja na kifuniko, akasema, "Chukua tu, mimi haitanisaidia." Sisi tukacheka, tukadhani amepata uhamisho. Mtu pekee aliyeelewa alikuwa mlinzi wa getini, mzee wa Kinyaturu ambaye hakuwa na cheti chochote. Alimwona yule mdogo akipita na ndoo yenye jina la mwingine, akauliza, akafikiri, akamfuata mwenye ndoo bwaloni. Akamtoa hadi kibandani kwake, akampa uji, akampa simu yake ya kitochi. "Mpigie mama yako." Kijana akazungumza kwa dakika kama kumi, nyingi kati ya hizo akilia, na kesho yake asubuhi mama yake alikuwa getini.

Yule kijana yuko hai, ana watoto wawili. Mlinzi alipewa barua ya onyo kwa kumwazima mwanafunzi simu.

Nimekaa na jambo hili miaka yote hii, na ninachokiona sasa ni kwamba utaratibu wetu wa kumsaidia mtoto umejengwa kuanzia mwisho. Tumeweka namba, tumeweka sera, tumeweka hospitali za rufaa zenye vitengo vya afya ya akili, Muhimbili na Bugando na KCMC. Katikati, pale kati ya kitanda cha bweni na mtu mzima wa kwanza, hatujaweka kitu. Na mtoto anapotelea hapo.

Angalia pia jinsi milango iliyopo ilivyochongwa. Polisi tuna Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 inayosema nani aripoti na kwa nani. Yote hiyo imejengwa kwa ajili ya mtoto aliyeonewa na mtu: aliyepigwa, aliyebakwa, aliyetelekezwa, aliyeozwa. Ni haki kabisa, maana hao ni wengi na kwa muda mrefu hawakuwa na mlango. Lakini milango hiyo yote, ukibisha, swali la kwanza ni mtuhumiwa. Mtoto ambaye hakuna aliyemfanya kitu, anayeamka tu kila siku na kuona dunia imekuwa ya kijivu, huyo hana mtuhumiwa wa kutaja. Anaambiwa ana deko. Anaambiwa amwombe Mungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote, kati ya kila vijana 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa la mpwa wangu lina wanafunzi 49. Piga hesabu mwenyewe, kisha jiulize wangapi kati ya hao wana jina la mtu wa kumpeleka kituoni.

Lugha nayo inatuchezea. Tuna neno sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, neno zuri, la zamani, lakini nje ya vitabu na semina hulisikii. Mtaani kuna "stresi," ambayo inafaa kwa mtu aliyefungwa mabao mawili na Simba au Yanga na pia kwa mtu asiyetaka kuishi. Halafu kuna Mirembe. Hospitali ile ya akili ya Dodoma ni ya miaka ya 1920, imetibu watu wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu, na sisi tumeigeuza tusi. "Huyu ni wa Mirembe." Zanzibar wanasema Kidongo Chekundu, Nairobi wanasema Mathari, na mtoto anayesikia majina hayo yakitajwa kwa kicheko tangu darasa la tatu hawezi, akifika kidato cha pili, kusema kwa hiari yake kwamba akili yake inaumwa. Atasema kichwa kinauma, kifua kinabana, tumbo. Na zahanati itampima malaria.

Kuna msemo mwingine unaonikera, wa kwenye habari: fulani "amechukua maamuzi magumu," yaani amejiua. Najua unatokana na staha, kwamba neno lenyewe ni zito na familia ina msiba. Lakini hebu usikie kwa masikio ya mtoto wa miaka 14. Maamuzi magumu ni jambo la wanaume, la viongozi, la watu jasiri. Tumelipamba bila kukusudia.

Kwa sababu ya staha hiyohiyo, wazazi wengi huogopa kumuuliza mtoto moja kwa moja, wakidhani watampa wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani na wataalamu wa fani hii wako wazi hapa: kumuuliza hakumpandikizii wazo, na mara nyingi ndiko kunakompa nafuu ya kwanza. Kwa Kiswahili linaulizika vizuri tu. Unakaa naye ubavuni, si uso kwa uso kama kwenye usaili, pengine mnachambua mchicha au mnaosha pikipiki, unasema: "Mwanangu, nimeona siku hizi umechoka sana. Wakati mwingine mtu akichoka hivyo hufikia kufikiri bora afe. Wewe umewahi kufikia hapo?" Kisha unanyamaza. Ukimya huo ndio mgumu, sisi Waswahili tukikaa kimya tunadhani mazungumzo yameharibika, tunakimbilia mawaidha. Mawaidha yasubiri. Akisema ndiyo, usipige kelele, usiite ukoo, usimwambie "utatuaibisha."

Akisema ndiyo na ukaona kweli yuko ukingoni, usiku huo halali peke yake. Dawa zote za nyumbani, dawa za mifugo, sumu za shambani, vinatoka ndani, vinakwenda kwa jirani au vinafungwa na ufunguo unakaa kwako. Unapiga 116 wewe mwenyewe mzazi, maana namba hiyo haipokei watoto tu. Na kama amekwisha kujidhuru, au anasema atafanya sasa hivi, hapo ni hospitali iliyo karibu, ile yenye daktari usiku, hata kama si ya akili, mengine yatafuata na barua ya rufaa. Naandika haya kwa urefu kwa sababu nimegundua kwamba watu wazima wenye shahada zao, ukiwauliza wangefanya nini usiku wa saa saba, wanataja kesho asubuhi.

Shehe na mchungaji? Nasikia wasomi wenzangu wakiwabeza, na siwaungi mkono. Mama akiona mwanawe habadiliki, mlango wa kwanza atakaobisha ni msikitini au kanisani, au kwa mtu wa kusomea kombe. Amefanya hivyo tangu babu zetu na hataacha kwa sababu ya makala yangu. Niliwahi kumsikia imamu mmoja wa Tanga akimwambia mzazi, "Mimi nitamsomea, na wewe kesho mpeleke Bombo hospitali. Vyote viwili ni sababu za kupona." Imamu kama huyo ana thamani ya zahanati nzima. Ubaya unaanza pale mtoto anapofungiwa wiki mbili "kwa maombi" na hakuna aliyempima wala kumuuliza.

Sasa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, bado kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Na umri wa kuwajibika kijinai kwetu unaanzia miaka 10. Sidai kwamba polisi wanazungukia mabweni. Ninachodai ni kwamba mzazi aliyembeba mtoto mgongoni kuelekea hospitali anajua, au ameambiwa na jirani, kwamba huko ataulizwa habari za polisi, na njiani anatunga uongo: alikosea chupa, alidhani ni juisi. Daktari anaandika ajali. Mtoto anatibiwa tumbo anarudishwa nyumbani na lile lililomfikisha pale halijaguswa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, chenye adhabu ya hadi miaka 2 jela. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa maumivu yake na kugusa haki yake ya utu, ya usawa na ya afya. Mmoja wa waliokwenda mahakamani ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya huko. Sisi tuna wanasheria, tuna Bunge. Sioni tunachosubiri.

Ila hata kifungu kikifutwa kesho, binti wa mlangoni kwa matroni bado hana simu. Kwa hiyo nirudi bwenini.

Serikali yenyewe ilishakiri kwamba bweni si mahali pepesi kwa mtoto. Machi 2023 ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba wadogo hao wanahitaji malezi ya wazazi. Nilishangilia. Lakini mtoto wa darasa la tano ana tofauti gani kubwa na wa darasa la nne? Na wa kidato cha kwanza, aliyetoka Kigoma akapangiwa Lindi? Kwao tumejibu kwa kuteua mwalimu wa unasihi, wa kuwasikiliza na kuwashauri. Katika shule ninazozijua, mwalimu huyo ana vipindi vyake vyote vya kawaida, hana chumba, anamsikiliza mwanafunzi kwenye ngazi za jengo la utawala watu wakipita. Kwenye shule mbili kati ya hizo ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Mwenye fimbo na mwenye sikio ni mtu mmoja. Mtoto gani mwenye akili timamu atamfuata?

Tukisema wataalamu ni wachache, tunasema kweli, na tunasimama hapo kana kwamba hoja imekwisha. Kenya kuna mradi uitwao Shamiri ulioanzishwa na kijana wa huko, Tom Osborn, ambao haukungoja madaktari. Uliwachukua vijana waliomaliza sekondari juzijuzi, wa umri wa miaka 17 hadi 21, ukawafundisha, ukawarudisha mashuleni kukaa na vikundi vidogo vya wanafunzi mara nne, wiki nne, wakizungumzia jinsi mtu anavyoweza kukua, shukrani, na mambo anayoyathamini. Utafiti uliochapishwa 2021 kwenye jarida la JAMA Psychiatry uliwahusisha wanafunzi 413, na waliopitia vikao hivyo dalili zao za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vikao hivi havimwokoi aliyeko ukingoni usiku huu. Vinachofanya ni kuwafanya wasiofika ukingoni wawe wengi, na kumwachia kila mwanafunzi sura moja ya mtu asiye mwalimu, asiye mzazi, asiye na fimbo. Zimbabwe walianza hata mapema zaidi, 2006, Profesa Dixon Chibanda akiwaketisha mabibi kwenye mabenchi nje ya zahanati kusikiliza watu. Mabibi tunao. Vijana waliomaliza kidato cha sita na wanangoja matokeo wakicheza pool tunao pia.

Na mlinzi, na mpishi, na dada wa duka la shule, hawa ndio wanaoona nani hajala na nani kagawa ndoo. Semina za afya ya akili mashuleni huwaita walimu. Kwa nini mlinzi hakai kiti cha mbele?

Mwezi uliopita nilimpelekea wazo mkuu mmoja wa shule tunayefahamiana, si ile ya mpwa wangu. Nilimwambia: weka kitochi kimoja kwenye korido ya bwalo, kifungwe kwa mnyororo kama kalamu ya benki, kipige 116 na namba nyingine mbili tu, ya mzazi kwa utaratibu na ya mnasihi. Gharama ni ya mbuzi mmoja. Ni mtu mwema, anawajua wanafunzi wake kwa majina, na alinisikiliza hadi mwisho akizungusha kikombe.

"Wazo zuri," akasema. "Unajua wataanza kupiga kumshtaki nani?"

"Nani?"

"Sisi."

Tukacheka wote wawili, kisha hatukucheka. Akasema atalipeleka kwenye bodi. Akanisindikiza mpaka getini, ambako mlinzi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kitochi kikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.